Kaunta ya Magurudumu

Kisa hiki ni cha kweli kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho, na asiyeamini afunge safari hadi kitongoji cha Nusunusu, kule nyuma ya Soga, akaulize mwenyewe. Hakikuongezwa chumvi. Iliyomo ni ile kiliyozaliwa nayo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Walikuwa na maana kwamba anayesafiri kwa uongo, hata ajifunge kibwebwe na kutembea kwa madaha, hafiki mbali kabla njia haijamwishia miguuni. Mzee Evodius aliijua methali hiyo tangu darasa la nne. Ila aliamini ilitungwa kwa ajili ya watu wengine.

Mzee Evodius alikuwa mtu wa Bukoba kwa kuzaliwa na wa Maili Moja kwa kuzoea. Maisha yake yote ya kazi alisoma mita za maji, akiingia ua huu na kutoka ua ule, huku mdomo wake ukifanya kazi kuliko macho yake. Alipostaafu alipewa kiinua mgongo, na kiinua mgongo hicho kilikuwa na mwenyewe hata kabla hakijatoka: nyumba. Kuta zilikuwa zimesimama, lakini juu palikuwa wazi kama mdomo wa kifaranga anayesubiri kulishwa. Yeye na mkewe, Bertha, walikuwa wamepanga chumba jirani na hapo, na kila asubuhi Bertha alikwenda kung'oa majani yaliyoota sebuleni kwake.

Siku moja Mzee Evodius aliketi kwenye baa moja ya Maili Moja akisubiri chenji. Chenji ilipochelewa, akaanza kuhesabu chupa zilizokuwa mezani. Akazidisha kwa meza zote, akazidisha kwa siku za mwezi, akajikuta tajiri kabla mhudumu hajarudi.

"Mke wangu," alisema alipofika nyumbani, "kufungua baa ni friji, viti na tabasamu."

"Tabasamu unalo," Bertha alimjibu. "Friji na viti ni mabando mangapi ya bati?"

Bertha alikuwa na kipimo hicho kimoja tu. Mchele, nauli, mchango wa harusi, vyote alivipima kwa mabando ya bati.

"Baa ndiyo itakayoiezeka nyumba, Mama. Masika hayatapiga hodi kabla hujalala chini ya bati jipya."

"Umesema?"

"Nimesema."

"Basi Mungu kasikia na mimi nimesikia. Yeye husamehe."

Kiwanja alikipata Nusunusu kwa Mzee Mwishehe, Mzaramo ambaye babu zake walizikwa hapo hapo. Tangu treni ya umeme ianze kusimama Soga, watu walikuwa wakiongezeka, naye Evodius aliwaona wote kama koo zilizokauka.

"Mimi nakuuzia ardhi, Bwana Evodi," alisema Mzee Mwishehe, ambaye tone la pombe halikuwahi kugusa ulimi wake. "Utakachopanda humo, mihogo au ulevi, utaulizwa wewe. Lakini ujue kuna mpaka wa wilaya. Unapita na hii mistari ya mikorosho. Marehemu baba akisema, ukilala hapa, kichwa kiko Kibaha na miguu iko Kisarawe."

"Na ukiota ndoto?"

"Inategemea umeigeukia wapi."

Evodius alicheka, akalipa, akaanza kuuliza bei ya baa. Hapo ndipo alipoingia kizani. Kila alipouliza bei ya baa, alijibiwa bei ya kitu kingine. Fundi alimtajia bei ya choo: cha wanaume mbali, cha wanawake mbali. Fundi umeme akamwambia friji za vinywaji hazitaki waya wa taa. Aliambiwa anunue mtungi wa kuzimia moto, akauliza kama anaweza kuuazima. Aliambiwa wahudumu wapimwe afya, taka zilipiwe kuzolewa, na muziki nao una wenyewe wanaodai haki zao. Alipokwisha kulipia leseni ya biashara upande wa Kibaha, alitoka ofisini akipiga mluzi, na karani akamwita arudi.

"Mzee wangu, hiyo ni ya biashara. Ya vileo ni nyingine."

"Sasa mimi biashara yangu ni nini kama si vileo?"

"Ndiyo maana zinakuwa mbili, mzee."

Evodius alimtazama, akaitazama risiti, akajiona kama anayefundishwa kuogelea kwa maandishi. Alirudi nyumbani na kila gharama mpya, na Bertha aliipokea kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya msiba. Mtungi wa moto ulipotajwa, alisema, "Choo hakina paa." Nyaya zilipotajwa, alisema, "Jiko limekwenda." Friji ya pili ilipoletwa, chumba cha wageni kilinyeshewa na mvua ambayo haijafika. Yalibaki mabando ya sebule na chumba chao cha kulala tu.

"Hayo usiyaguse, Evodi," Bertha alisema taratibu. "Mimi uzee wangu sitaulalia kwenye nyumba ya mtu."

Leseni ya vileo ilikuwa bado. Evodius alilala chali akiwaza, na mikorosho ya Mwishehe ikampitia kichwani mstari kwa mstari. Asubuhi aliamka amenyooka kama aliyepigwa pasi.

"Leseni wamenisamehe," alimwambia mkewe. "Wastaafu hatulipi."

Bertha aliendelea kuchambua mchele.

Baa aliyoijenga Evodius haijapata kuonekana tena. Ilikuwa ukumbi mrefu kama treni, mlango mmoja ukitazama Kibaha, mwingine ukitazama Kisarawe, na mpaka ukipita katikati, chini ya meza za wateja. Kaunta, pamoja na friji zake mbili, aliifunga juu ya magurudumu manne ya mkokoteni. Waya wake wa umeme ulikuwa mrefu kama kamba ya ng'ombe wa maziwa. Wanaosema kaunta hiyo ilikuwa na injini wanatia chumvi. Ilisukumwa na wateja, na kila aliyesukuma alipewa karanga.

Wiki ya kwanza alikuja afisa biashara wa Kibaha, binti mmoja mpole aitwaye Aneth. Evodius alimwona kwa mbali akishuka kwenye pikipiki. Kaunta ikasukumwa hadi ukingo wa Kisarawe.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuona leseni ya vileo."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea njia. Hapa uliposimama ni ukumbi wa kupumzikia. Bia inauzwa kule, na kule ni Kisarawe."

Aneth aliangalia kaunta, akaangalia mikorosho nje, akaaga.

Haikupita muda akaja wa Kisarawe, kijana mrefu aitwaye Latifu, akiingia kwa mlango wa pili. Kaunta ilikuwa imeshafika Kibaha ikimsubiri.

"Karibu, kijana wangu. Ningekulipa kwa mikono miwili, lakini nitakuwa nimeiibia Kibaha haki yake."

Latifu naye akaaga.

Ikawa ndio maisha. Mtu akikohoa nje, kaunta ilisafiri. Wateja walijifunza kuinuka na glasi zao bila kukatisha mazungumzo na kuifuata kama vifaranga. Castory, fundi viatu wa Soga, alisinzia juu ya kaunta akiwa Kibaha, akaamka Kisarawe, akaomba nauli ya kurudi. Ila aliyechanganyikiwa kuliko wote alikuwa mwenye baa. Uongo aliokuwa amemwambia Aneth ulianza kugongana kichwani na ule wa Latifu. Kuna siku alimwambia muuza barafu kwamba yuko Kisarawe, na muuza mkaa kwamba yuko Kibaha, wote wawili wakiwa wamesimama bega kwa bega.

"Bwana Evodi," Mzee Mwishehe alimwambia kutoka nje, kwani ndani hakuwahi kukanyaga, "mwanadamu akiulizwa 'uko wapi' akaanza kufikiri, hiyo ni dalili."

"Dalili ya nini?"

"Ya kwamba karibu atapatikana."

Jumamosi moja, jua likiwa bado juu, pikipiki ya Aneth ilisikika upande wa Kibaha. Evodius akapiga kofi, wateja wakashika kaunta, magurudumu yakalia kuelekea Kisarawe. Walikuwa wamekwisha kuvuka nusu ya ukumbi pale kivuli kirefu kilipoziba mlango wa mbele yao. Alikuwa Latifu.

"Rudisha," Evodius alinong'ona.

Kaunta ikageuzwa. Aneth naye alikuwa ameshaingia, amesimama mikono nyuma. Ikageuzwa tena. Ilikwenda na kurudi kama msumeno, chupa zikigongana, hadi waya ukajizungusha kwenye gurudumu na kaunta ikakwama katikati ya ukumbi. Friji zikazima.

"Shikamoo, mzee," walisema wote wawili kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu."

"Jana nilimpigia mwenzangu simu kuhusu kazi nyingine," alisema Aneth, "nikamuuliza hali ya baa yake ya Nusunusu."

"Nami nikamwambia nilikuwa nataka kumuuliza hali ya yake," alisema Latifu. "Sasa mzee wetu, kaunta iko wapi?"

Evodius alitazama mlango wa kulia, akatazama wa kushoto. Kwa kweli kabisa, wakati ule hakujua upi ni upi.

"Iko safarini," alisema.

"Inasafiri kwa leseni ya wapi?" Aneth aliuliza, bila kucheka, ingawa Castory alipaliwa na bia.

"Wanangu, mimi ni mstaafu. Niambieni niko wapi, nitakubali."

"Hatuwezi kukuambia. Wewe ndiye uliyetuambia," Latifu alimjibu kwa heshima. "Nilipokuja mimi, uliuza bia Kibaha. Alipokuja yeye, uliuza Kisarawe. Hizo ni baa mbili, na zote hazina leseni ya vileo. Ukiona tumekosea, tutaita wapima ardhi watafute mpaka, na gharama ya wapima ni yako, kisha twende mahakamani, huko nako kuna gharama yake."

"Wapima ni mabando mangapi?" Evodius aliuliza, na hakuna aliyemwelewa.

Alilipa. Alilipa leseni ya Kibaha na faini yake, akalipa leseni ya Kisarawe na faini yake, na fedha zilizokuwa za sebule zikaenda na zile za chumba cha kulala. Usiku alijipanga namna ya kumwambia Bertha kwamba kiwanda cha bati kimeungua.

Hakupata nafasi, kwani habari zilikuwa zimemtangulia nyumbani. Asubuhi alimkuta Bertha Nusunusu, amesimama kando ya kirikuu, gari dogo la mizigo, na mafundi wawili wakiwa juu ya paa la baa wakichomoa misumari. Mzee Mwishehe alikuwa ameketi chini ya kivuli cha ukuta akiipokea na kuinyoosha ile iliyopinda.

"Mama, unafanya nini?"

"Naezeka nyumba. Ulisema baa ndiyo itakayoiezeka."

"Lakini hii biashara sasa ni halali. Nina leseni mbili."

"Ziweke vizuri," alisema Bertha, akielekeza bati lishushwe taratibu. "Walikupa bure, si ndiyo? Kwa sababu ya ustaafu."

Mzee Evodius alizikunja leseni zake mbili akazitia mfukoni. Alipanda juu akasaidia kuchomoa misumari. Masika yalipopiga hodi, Bertha alilala chini ya bati lake, nalo lilikuwa na matundu machache yaliyozibwa kwa lami. Nusunusu ilibaki na baa ya pekee katika mkoa mzima iliyolipiwa leseni mara mbili na haina paa, kaunta imesimama katikati ikinyeshewa Kibaha na Kisarawe kwa wakati mmoja. Mzee Evodius alizunguka na uongo wake kutoka wilaya hadi wilaya akidhani amekwenda mbali, kumbe safari yote ilikuwa ni urefu wa ukumbi mmoja. Hakika, njia ya mwongo ni fupi.