Gari Alilolingoja Elisaria

Gari lijalo halibebi mgonjwa wa leo. Watu wa Mheni, huku juu kwenye milima ya Upare, humwambia hivyo mtu anayeliacha jambo la leo kwa kungoja lililo zuri zaidi. Mwenyekiti wa kikundi cha tangawizi aliyasema maneno hayo juzi, vijana walipotaka mashine ya kukatia tangawizi isinunuliwe mwaka huu kwa sababu walisikia kwamba ya mwakani itakuwa bora. Wakati huo tangawizi ilikuwa imeanza kuoza ghalani. Kikao kilipokwisha, vijana watatu walimfuata Bibi Namsifu, aliyekuwa muuguzi wa zahanati kwa miaka ishirini na minane, wakamwuliza maneno yale yalitoka wapi. Bibi Namsifu aliyajua yalikotoka, maana alikuwepo. Aliwaambia waketi, kisha akaanza, na alivyosimulia ni hivi.

Hapa Mheni aliishi mkulima wa tangawizi aliyeitwa Elisaria Mchome. Hakuwa mtu wa majivuno wala wa pombe. Alikuwa mtu wa kupima. Akinunua jembe, atayashika majembe kumi kwanza. Akijenga choo, atakichora kwenye daftari. Mkewe aliitwa Nakunda, na kwa kuwa binti yao wa pekee, Niendi, alikuwa mwalimu Tabora, wazee hao wawili walibaki peke yao katika nyumba yao iliyo juu ya kanisa, wakiitana Baba Niendi na Mama Niendi kama siku zile binti alipokuwa bado anatambaa.

Nakunda alikuwa na ugonjwa wa moyo. Mlango mmoja wa moyo wake uliharibika tangu utotoni, na alipofika miaka hamsini na mbili ulianza kumshinda. Akipanda ngazi za kanisa alisimama mara tatu. Usiku alilala ameegemea mito, kwa maana akilala chali maji yalijaa kifuani akakosa pumzi. Daktari wa hospitali ya wilaya, kule chini bondeni, alimwita Elisaria pembeni akamwambia, "Mzee, dawa atapata. Lakini siku atakapozidiwa, mtakuwa na saa mbili, labda tatu. Hakikisha gari lipo karibu. Na asilazwe chali njiani. Aegemeshwe."

Elisaria aliyachukua maneno hayo kama mtu aliyepewa kazi. Pikapu yake ilikuwa ya zamani, inatikisa mpaka meno, na mbele ilikuwa na kiti cha mbao alichokitengeneza fundi. Aliamua kwamba mkewe hatabebwa tena humo. Fedha za mavuno mawili zilikuwa benki. Alitaka gari dogo lililoinuka, lisilogusa mawe ya barabara yetu, lenye milango minne na nafasi ya mtu kuegemea nyuma.

Mwezi wa tatu waliteremka wote wawili mpaka mjini, kwenye yadi ya magari. Kijana muuzaji aliyeitwa Aloyce aliwaonyesha gari jeupe, jipya, lenye magurudumu makubwa. Nakunda alifunguliwa mlango wa nyuma, akaingia bila kuinama, akakaa, akaufunga mlango. Elisaria alimwona kupitia kioo akiegemeza kichwa na kufumba macho.

"Kiti kinanitosha," Nakunda alisema alipotoka.

Elisaria naye aliingia. Alikibonyeza kiti, akakisukuma kwa mgongo. "Kimesimama sana. Hakilali nyuma."

"Nitaweka mto, Baba Niendi."

Hapo ndipo Aloyce, kwa nia njema kabisa, alipomweleza kwamba kiwanda kinalibadilisha gari hilo. Toleo jipya lingetoka mwezi wa sita. Alimwonyesha picha kwenye simu: gari limefunikwa kwa karatasi za madoadoa meusi na meupe ili watu wasilione umbo lake, likijaribiwa barabarani katika nchi ya mbali. Watu walioliona walisema litainuka zaidi, taa zitakuwa nyembamba, na kiti cha nyuma, ndivyo ilivyosemwa, kitaweza kulazwa nusu.

"Ndivyo ilivyosemwa na nani?" Nakunda aliuliza.

"Na wanaofuatilia, mama. Kiwanda chenyewe bado hakijatamka."

Elisaria aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Aliikuza kwa vidole viwili mpaka dirisha la nyuma likajaa kwenye kioo cha simu, kana kwamba angeweza kukiona kiti ndani yake. Kisha alimgeukia mkewe.

"Mama Niendi, ni miezi mitatu tu. Daktari alisema uegemeshwe. Sasa gari la kuegemea linakuja, mimi ninunue lisiloegemea?"

"Miezi mitatu nani ameniahidi?"

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. Elisaria alimwambia kwamba anataka kumfanyia jambo kwa ukamilifu, mara moja tu, lisirudiwe. Nakunda aliuzoea upimaji wa mumewe, na alijua pia kwamba safari hii unatokana na upendo. Aliuchukua mkoba wake akatangulia kituo cha basi.

Baada ya hapo Elisaria akawa mtu wa simu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, alitafuta habari za gari lile. Palitokea picha ya taa moja. Palitokea picha ya usukani iliyopigwa kwa kuibia dirishani. Alibashiri urefu wa gari kwa kulilinganisha na mtu aliyesimama kando yake. Kwenye kibanda cha chai vijana walimzunguka wakamwuliza, naye aliwaeleza nini kitabadilika na nini kitabaki, na mara nyingi alikuwa sahihi. Akipata habari ya kiti, alikwenda kumsomea Nakunda. Nakunda alisikiliza huku akichambua mchicha.

Mwezi wa tano alifanya jambo ambalo baadaye hakuweza kulisema bila kukatika sauti. Mtu wa Hedaru, mji ulio kule bondeni, alikuja kuitaka pikapu. Elisaria alipiga hesabu kwamba bei yake haitapanda tena, na kwamba gari jipya limebakiza wiki nne. Akaiuza. Bibi Namsifu alimkuta njiani siku hiyo akamwuliza, "Na mkipata dharura katikati hapa?" Elisaria alimwambia ni wiki nne tu, na gari la wagonjwa la tarafa lipo.

Mwezi wa sita ulipofika, Aloyce alipiga simu kusema tarehe imesogezwa mpaka wa tisa. Wa tisa ulipofika, ilisogezwa mpaka mwisho wa mwaka. Gari jeupe lilikuwa limeuzwa zamani, ingawa mengine ya toleo lile yalikuwepo, na Aloyce alimwambia hivyo. Lakini Elisaria alikuwa amekwisha kungoja miezi sita, na mtu aliyengoja miezi sita huona aibu kuondoka foleni. Alisema atangoja.

Nakunda alianza kuvimba miguu. Aliacha kwenda kanisani. Siku moja alimwambia mumewe, bila lawama, "Nasikia gari lako litakuwa na rangi mbili mpya."

"Nani kakuambia?"

"Wewe. Juzi."

Vuli ikaingia. Siku ya Alhamisi, mwezi wa kumi na moja, saa nne asubuhi, Elisaria alikuwa kijitoni anaosha tangawizi alipoitwa. Alimkuta Nakunda ameketi sakafuni, ameshika mguu wa kitanda kwa mikono miwili, midomo imekuwa rangi ya majivu, anavuta pumzi fupi fupi zenye sauti ya maji. Bibi Namsifu alifika na mkoba wake akamchoma sindano ya kupunguza maji mwilini. Zahanati haikuwa na hewa ya oksijeni. Alipiga simu ya gari la wagonjwa. Lilikuwa limekwenda kata nyingine kumchukua mama aliyeshindwa kujifungua, lingerudi alasiri. Malori ya tangawizi yote yalikuwa yameteremka mnadani tangu alfajiri. Pikipiki zilikuwepo, lakini mtu asiyeweza kushika hawezi kupakiwa pikipiki.

Elisaria alisimama uani na simu mkononi. Kisha alimpigia mtu wa Hedaru aliyenunua pikapu yake.

"Ndugu yangu," alimwambia, "nina mgonjwa. Naomba gari langu." Akajisahihisha. "Gari lako."

Yule mtu hakuuliza maswali. Alisema anatoka sasa hivi. Lakini kutoka Hedaru mpaka Mheni, kwa barabara iliyolowa, si chini ya saa mbili na nusu.

Walipiga kengele ya kanisa, wanaume wakaja. Walikifunga kitanda cha kamba kwenye miti miwili, wakaweka mito minne upande wa kichwa ili Nakunda aegemee, wakaanza kuteremka kwenda kukutana na gari. Barabara yetu ina kona thelathini na mbili. Mvua ilikuwa nyepesi ile isiyokatika. Wanaume wanane walibeba kwa zamu, miguu ikiteleza kwenye tope, na kila walipoteleza kitanda kiliinama. Bibi Namsifu alitembea upande mmoja akiwa ameshika mkono wa mgonjwa kwenye mshipa, akihesabu mapigo. Elisaria alitembea upande wa pili, ameshika mwavuli.

Kwenye kona ya kumi na saba Nakunda alifungua macho.

"Baba Niendi, mto umeteleza."

Walikiweka kitanda chini. Elisaria aliuvuta mto, akaukunja, akauweka chini ya mabega yake, akamwuliza kama sasa ni vizuri. Nakunda aliitikia kwa kichwa. Wakanyanyua tena. Kwenye kona ya kumi na tisa Bibi Namsifu aliwaambia wabebaji wasimame, na aliposema hivyo hakuuachia ule mkono, ila hakuwa akihesabu tena. Elisaria aliendelea kushikilia mwavuli. Hakuna aliyemwambia aukunje.

Dakika arobaini baadaye waliisikia pikapu ikipanda. Elisaria aliutambua mlio wake kabla haijatokeza. Mtu wa Hedaru alishuka, akaona, akavua kofia. Walimpandisha Nakunda humo, nyuma, chini ya turubai, na ile pikapu ikageuzwa, si kwenda hospitali, ila kumrudisha nyumbani.

Walimzika Jumapili, Niendi alipofika kutoka Tabora. Niendi hakumlaumu baba yake. Alikaa naye wiki tatu, akampikia, akaondoka. Simu ile Elisaria aliiweka kwenye sanduku la nguo.

Mwezi wa pili Aloyce alipiga mara nyingi, mwishoni akampata Elisaria kwa simu ya jirani. Hakuwa na habari ya msiba. Alisema kwa furaha, "Mzee wangu, gari limeingia. Nimekuwekea la kwanza." Elisaria alivaa koti, akateremka kwa miguu kona zote thelathini na mbili, akapanda basi.

Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya ofisi, limefutwa vumbi. Taa zilikuwa nyembamba kama alivyobashiri. Aloyce alimwelezea yaliyobadilika: pua ya gari, kioo kikubwa cha kugusa kwenye dashibodi, rangi mbili mpya, magurudumu yenye nakshi nyingine. Elisaria alisikiliza mpaka mwisho.

"Na kiti cha nyuma?"

"Kiti ni kile kile, mzee. Hicho hawakukigusa."

Elisaria alifungua mlango wa nyuma akaingia. Aliegemea. Kilikuwa kimesimama kama kile cha gari jeupe, kitambaa kile kile, mshono ule ule. Alikaa humo kwa muda, mikono magotini, na Aloyce alipochungulia kumwuliza kama amelipenda, alimwona machozi yanamtoka, akarudi nyuma. Alikuja kuambiwa habari ya msiba baadaye, na yeye mwenyewe akaja Mheni kuhani.

Elisaria alipotoka aliuliza kama limebaki lolote la toleo la zamani. Lilikuwepo moja, kijani, nyuma ya yadi, kioo kimeshika vumbi. Akalinunua hilo.

Alilipandisha Mheni akaliegesha mbele ya zahanati, akampa Bibi Namsifu ufunguo pamoja na mito miwili mipya. Watu walikusanyika. Kijana mmoja aliyezoea kumsikiliza pale kibandani alilizunguka gari, akaona kwamba taa si zile nyembamba.

"Mzee Elisaria, hili si lile. Jipya si limeshatoka? Kwa nini umechukua la zamani, na umengoja mwaka mzima?"

Watu walitaka kumnyamazisha yule kijana, lakini Elisaria aliinua mkono wamwache. Alimjibu polepole, akimtazama yeye peke yake.

"Mwanangu, gari lijalo halibebi mgonjwa wa leo."

Aliondoka akapandisha njia ya kwenda kwake, ambako hapakuwa tena na mgonjwa wa kubebwa. Gari lile lilibeba watu wengi wa Mheni kabla halijachoka, wengine wakapona. Yeye hakulipanda hata siku moja. Alipougua uzeeni aliomba abebwe kwa machela, na watu walimbeba.

Hapo ndipo Bibi Namsifu alipomaliza. Harufu ya tangawizi inayooza ilikuwa ikiwafikia vijana kutoka ghalani. Kisha mmoja wao aliinuka kwenda kumtafuta mwenyekiti kabla hajafunga ofisi, amwambie mashine inunuliwe mwaka huu, na Bibi Namsifu akamwitikia kwa kichwa.

Ndiyo maana hapa kwetu husemwa: gari lijalo halibebi mgonjwa wa leo.