Mwanasesere Aliyelishwa Kwanza

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale kwake, maana tangu hapa hadi Pangani hadithi hii ninaijua mimi peke yangu.

Alikuwepo bwana mmoja, Makungu, mchezesha mwanasesere. Alizunguka harusi kwa harusi, akimpakata Tabwali wake wa mti wa mfenesi, akivuta uzi wa shingoni na kumsemea kutoka tumboni, bila kutikisa mdomo. Watu hoi kwa kicheko. Lakini kila alikokwenda, mama wa bibi harusi alimlisha Tabwali tonge la kwanza la pilau. Harusi ya kwanza Makungu akameza mate. Ya pili akanuna. Ya tatu mama akamwambia, "Baba, sogeza mkono, unamziba mgeni wetu." Akaondoka na wivu wake.

Njiani akakutana na zimwi lenye kucha ndefu.

"Mnyang'anye huyu sauti," akasema Makungu. "Nataka nitazamwe mimi, nilishwe mimi."

"Sauti ya Tabwali?" likauliza zimwi.

"Hiyohiyo."

"Yote?"

"Yote."

"Hutajuta?"

"Chukua, bwana, unanichelewesha."

Likachukua. Harusi ya nne Makungu akavuta uzi, kimya. Akataka kuomba radhi, kimya. Kumbe sauti ilikuwa moja tu, yake mwenyewe. Hapo akatokea mzee mwenye kucha ndefu, akampakata Makungu, akamsemea kutoka tumboni. Watu wakacheka hadi machozi. Mama wa bibi harusi akamletea Makungu tonge la kwanza.

Mdomo haukufunguka mpaka zimwi lilipovuta uzi.

Nimemaliza. Anayebisha akamtazame shingoni.