Zima Redio Tuombe

Ndugu zangu, mnisamehe mapema, mfano huu nitauharibu. Mke wangu akiusimulia watu wanashika mbavu. Mimi nikiusimulia wanashika simu. Lakini mimbari leo ni yangu, vumilieni.

Kulikuwa na mama mmoja, mpishi wa sherehe. Miaka yote alikodi gari la kubebea sufuria zake, na mnayajua magari ya kukodi: pilau linafika limepoa, bibi harusi kanuna. Sasa akapata harusi kubwa ya Jumamosi. Akabeba akiba yake yote, akaenda yadi ya magari yaliyotumika.

Dalali akamtazama, akaona kitenge cha kina mama wa kanisa. Haraka akawasha pikapu nyeupe inayong'aa, akafungulia redio. Mapambio! Tena kwa sauti ya juu.

"Mama, hili lilikuwa la mzee wa kanisa! Ibadani na nyumbani, basi!"

Wakazunguka mtaa wanaimba, mikono juu. Mikono ya nani? Ya dalali, na dereva ni yeye! Wakarudi yadini mama anafuta machozi.

"Mwanangu, nalichukua. Ila mimi hata ndoo sinunui bila kuiombea. Zima redio tuombe."

Dalali jasho likamtoka. "Tuombe na muziki humohumo, mama. Unaleta upako."

"Upako utakuja kimyakimya. Zima."

"Basi nizime na injini."

"Injini iache! Si ndiyo tunayoiombea?"

Redio ikazimwa. Mama akafumba macho. "Ee Baba..." Kwaruuu! "Tunakushukuru..." Kwaruuu, ko-ko-ko!

Mama akafumbua jicho moja. "Nani huyo anaitikia amina sijamaliza?"

Ungekuwa wewe, ungedanganya katikati ya maombi? Dalali akainamisha kichwa. "Giaboksi, mama. Imekwisha. Jumamosi ingekuacha njiani na pilau lako."

Mama alicheka mpaka akaegemea boneti! Akamwombea kwanza dalali, maana ndiye aliyekuwa na hali mbaya zaidi, kisha akanunua gari la pembeni, lenye rangi tatu na tundu mahali pa redio. Jumamosi pilau likafika linafuka moshi. Na nyuma ya gari, aliyekumbatia sufuria kubwa ni nani? Dalali!

Sasa sisi. Tuna spika, tuna ngoma, tuna kinanda. Tukianza kuimba hata mtaa wa pili hawalali. Mungu azibariki! Lakini nani hapa amewahi kuzima redio akasikiliza gari lake mwenyewe? Umenuniana na jirani tangu Pasaka, kwaruuu, unaongeza sauti. Mama mkwe hujampigia simu, ko-ko-ko, unaongeza sauti. Ndugu zangu, Mungu hajawahi kukataa gari bovu. Magari mabovu ndiyo kazi yake! Anachosubiri ni sisi tuache kumpigia mapambio kwenye giaboksi iliyokufa, tuseme, "Bwana, ni hapa panapolia."

Basi tuinamishe vichwa. Fundi mitambo, zima spika zote. Kila mmoja asikilize gari lake. Kimya...

Kimya...

Kwaya! Kwaya simameni, imbeni, tena kwa nguvu! La mchungaji wenu limeanza kusikika mpaka viti vya nyuma!