Malimbuko Yaliyokwisha Onjwa

Pukuchueni mahindi huku mnasikiliza, mikono haina masikio. Anayetaka hadithi aseme "lete." Asiyetaka akalale, debe lake tutampukuchulia, ila kesho uji atanusa tu.

Mmesema lete. Haya, ninaleta, na mwishoni mtanilipa kwa jibu. Sitaki mtu wa kuniambia "sijui."

Huko Umatengo, milimani, kwenye kahawa na baridi ya kutia vidole ganzi, walikuwako watu watatu wa damu moja, na kila mmoja alijaliwa kitu chake.

Ditram alijaliwa neno. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima, na alilosema mkutanoni watu walikwenda kulifanya. Neno lake kubwa lilikuwa moja: kahawa haiuzwi ikiwa ua. Mnayajua magoma? Hamyajui, nyie watu wa mahindi. Magoma ni kuuza kahawa ingali mtini. Siku una shida anakuja mnunuzi na fedha mkononi, anakupa kiduchu, halafu msimu ukifika mavuno ni yake. Ditram aliyapiga vita magoma mpaka watoto wakawa wanamwigiza sauti wakicheza.

Egno, mwanawe wa kwanza, alijaliwa subira. Huyo ungemwambia banda limeanguka angekujibu "Sawa tu," akachukua nyundo. Alifuga nguruwe miaka na miaka, akauza, akaweka mahari, maana alikuwapo binti aitwaye Skolastika na siku ya kwenda kwao ilikwisha pangwa.

Kandida, dada yake Ditram, alijaliwa jina. Mjane, fundi cherehani wa pale sokoni, hakuwahi kudaiwa hata njiti ya kibiriti. Akisema "nitaleta," mwenye duka haulizi lini.

Na Filotea je? Subirini, ndiye ninayemleta. Filotea alikuwa binti wa Ditram, mdogo wake Egno. Mama yao alikwisha fariki. Binti alifaulu kidato cha sita akachaguliwa chuo kikuu, asomee ualimu wa hisabati, miaka mitatu. Huyo ndiye aliyewavuruga wote, na wala hakufanya kosa lolote. Kufaulu nako ni kosa?

Siku majina yalipotoka Kandida alifunga cherehani akapanda kwa kaka yake. Hata kuketi hakuketi.

"Kaka, aombe mkopo. Dirisha liko wazi. Serikali italipa ada, naye atarudisha akianza kazi."

"Asipopata kazi?"

"Atapata."

"Nimekuuliza, asipopata?"

Kandida akafungua kinywa, kaka yake akamwahi.

"Kukopa harusi, kulipa matanga," Ditram akasema. "Umesahau? Baba alikufa anadaiwa. Wadai wakaja msibani wakakaa mbele ya wafiwa. Mwanangu hataanza maisha na kamba shingoni. Ada italipwa taslimu."

"Taslimu ya kutoka wapi?"

"Hilo niachie mimi."

"Kaka, taslimu nayo hutoka mahali. Ukiing'oa panapouma ni deni lilelile, ila limehamia kwako."

"Na lihamie. Mimi ndiye baba."

Filotea alikuwa palepale anachambua maharage. Hakuna aliyemwuliza, naye hakusema. Msimcheke. Nyie mbele ya baba zenu mnasema nini?

Dirisha la mkopo likafungwa bila jina la Filotea. Sasa sikilizeni jinsi alivyosoma.

Mwaka wa kwanza ulilipwa na neno la Ditram. Siku za kujisajili zilipokaribia alimwita mnunuzi, akamuuzia kahawa yake yote mtini, misimu mitatu mbele. Mwenyekiti! Yeye mwenyewe! Kabla jua halijatua kijiji kizima kilikuwa na habari. Mkutano uliofuata alisimama kusema juu ya bei, na mtu mmoja nyuma akacheka. Kisha wakacheka wengi. Ditram aliketi, na kikao kilipokwisha akawaachia uenyekiti wao, na tangu siku hiyo hakusimama tena mbele ya watu. Lakini Filotea alisajiliwa. Neno lile lisingevunjika, nafasi yake angepewa mwingine.

Mwaka wa pili ulilipwa na subira ya Egno. Aliipalilia kahawa isiyokuwa yao, akaichuma, akaibeba mpaka kwenye lori la mnunuzi, akarudi nyumbani mikono mitupu. Ada ikadaiwa. Baba yake alikuwa ameketi mlangoni. Egno akaingia ndani akatoa mahari, yote. Kisha akashuka kwa akina Skolastika kuomba angojewe msimu mwingine.

"Egno," yule binti alimwambia, "nimekungoja misimu mingapi? Mimi si kahawa, sikai mtini mpaka upate nafasi."

Aliolewa Songea mwaka uleule. Nyumbani wakamwuliza Egno, vipi? "Sawa tu." Haikuwa sawa hata chembe. Alianza kula peke yake, jikoni, kasimama, na akimaliza hakumbuki alichokula. Lakini Filotea alirudi darasani. Mahari ile isingetoka, mwaka wa kwanza ungekuwa fedha iliyotupwa shimoni.

Mwaka wa tatu ulilipwa na jina la Kandida. Nyumbani hakukuwa tena na cha kuuza wala cha kutoa. Filotea alimpigia simu.

"Shangazi, nirudi?"

"Urudi uje kufanya nini? Omba mkopo. Wanataka mdhamini, si ndiyo? Mdhamini ni mimi."

"Baba je?"

"Baba yako ni kaka yangu. Nitamjua mimi."

Akatia sahihi. Yeye ambaye hakuwahi kudaiwa, jina lake likakaa chini ya deni la mtu mwingine, na usiku hakulala. Ditram alipopata habari akashuka hadi sokoni, akasimama mbele ya cherehani.

"Umemfunga mwanangu."

"Dawa ya deni ni kulipa, kaka. Atalipa, atafunguliwa."

"Usikanyage kwangu tena."

Hakupaza sauti. Na Kandida hakukanyaga. Mwaka huohuo mama mzazi wa Ditram na Kandida, aliyekuwa akiishi kwa Ditram, akafariki. Kandida alisimama barabarani, nje ya ua, akatazama jeneza la mama yake likitolewa. Ditram alimwona. Mmoja hakuita, mwingine hakuingia. Aliniambia mtu aliyekuwapo kwamba Kandida hakulia. Alisimama tu kama mtu anayengoja kuhudumiwa dukani, watu walipotawanyika akarudi kushona. Lakini Filotea alimaliza chuo. Jina lile lisingewekwa, miaka miwili ya mwanzo ingekuwa kazi bure.

Mnaniona nawapendelea? Nimewapima sawasawa, mwaka kwa mwaka. Wewe unayetikisa kichwa, endelea na mahindi.

Filotea akarudi nyumbani na shahada yake, na kazi hakuna. Mwaka ukapita, na wa pili. Baba yake hakumwambia "nilijua." Afadhali angemwambia! Wangegombana wakapoa. Nyumba ile ilikaa kimya: baba mlangoni, kaka jikoni, binti akifua nguo zilizokwisha fuliwa. Mtu akitaka chumvi ananyoosha kidole.

Kisha ajira zikatangazwa na jina lake likawamo. Shule ya sekondari, wilaya ya jirani. Mlidhani alipiga vigelegele? Alisoma jina lake akaenda kuteka maji. Alingoja furaha ije, njiani, kisimani, wakati wa kurudi. Haikuja. Moyo nao hufa ganzi kama mguu uliokaliwa.

Sasa tegeni sikio, maana fundo liko hapa. Nyumba ya Ditram ina desturi ya malimbuko. Jasho lako la kwanza, liwe debe la maharage, gunia la kahawa au mshahara, huli wewe. Unalipeleka zima, katika mkono wa mtu mmoja, yule aliyekufikisha. Yeye ndiye analibariki, na tangu siku hiyo anaitwa mzazi wa kazi yako. Ana kiti katika nyumba hiyo mpaka afe, na hakuna wa kumfungia mlango. Malimbuko hayagawanywi. Ukiyagawa ni posho, na posho haina baraka. Halafu lazima yawe mazima, yasiwe yameonjwa.

Kwa hiyo mshahara wa kwanza ulipoingia Filotea hakununua hata sabuni. Alikula kwa walimu wenzake, akasafiri kwa nauli ya kuazima, akaja Jumapili baada ya misa. Alimwambia baba yake jambo moja tu: "Naomba shangazi aje." Ditram hakujibu ndiyo, hakujibu hapana. Kandida akaja, akakaa kwenye benchi karibu na mlango, kitambaa cha kichwa mkononi kama mgeni.

Filotea akaweka fedha mezani.

"Huu ndio mshahara wangu wa kwanza," akasema. "Mjue kwamba rejesho la mkopo limekatwa hukohuko, kabla haujanifikia."

Ditram akazisukuma kwa kidole.

"Basi yamekwisha onjwa," akasema. "Mwenye deni amekula kabla ya baba. Hili ndilo nililolikataa siku ile."

"Yameonjwa na aliyemlipia mwaka mzima," Kandida akasema polepole. "Kahawa yako ilionjwa na nani, kaka? Yule mnunuzi wa lori amekula misimu mitatu, akamlipia mwaka mmoja tu."

Egno alikuwa amesimama penye mlango wa jikoni. Filotea akamgeukia.

"Kaka Egno, wewe unasemaje?"

"Mpe baba."

"Sikukuuliza nimpe nani. Nimekuuliza wewe unasemaje."

Egno akafungua kinywa. Wote walijua litakalotoka, hata nyie mnalijua. Halikutoka. Akasema, "Nataka mimi. Fedha zenyewe nitawarudishia jioni hiihii. Nataka mtu mmoja katika nyumba hii aseme kwamba nilitoa." Akatazama mikono yake, na pale pale, mtu mzima, akalia.

Kandida naye akasema, maana mlango wa kusema ulikuwa umefunguka: "Mimi nataka kiti. Nimechoka kuuona ua huu nikiwa barabarani."

Wakamgeukia Ditram. Akasema, "Mimi nilikuwa na neno moja maishani, nikalivunja kwa ajili yako. Ukiniwekea hizo mkononi nitajua nililivunja kwa jambo la maana. Lakini mpe umtakaye, mwanangu. Sitakasirika. Hata kukasirika kwenyewe siwezi tena."

Filotea akazichukua fedha. Alitamani moyo wake umsukume upande wowote, hata kwa chuki, afuate. Haukumsukuma. Alimtazama baba, akamtazama kaka, akamtazama shangazi, akaona watu watatu wazima waliochoka, na wote wamechoka kwa sababu yake.

Nani amesema agawe? Nimekusikia! Nimekwisha kukwambia hayagawanywi. Na wewe unayenong'ona kwamba asimpe mtu, basi mshahara wa pili utaingia wa kwanza ukiwa umelala, nao haugusiki kabla ya huo, na binti ataishi kwa kuazima chumvi mpaka lini?

Akimpa baba, amesema mbele ya wote kwamba kulipa taslimu ndiko kulikomsomesha, na mlango unafungwa mgongoni mwa Kandida. Akimpa shangazi, amesema mkopo ulikuwa sahihi tangu siku ile ya maharage, kwa hiyo neno la Ditram lilivunjwa bure, naye Skolastika aliondoka bure. Akimpa Egno, amesema taslimu na mkopo vyote vilikuwa maneno ya wazee, aliyelipa ni huyu asiyeulizwa, na hao wazee wawili watakaa wakitazamana mpaka mmoja amzike mwenzake.

Wote watatu wameisogelea meza, mikono mitatu iko juu yake, na binti amenyanyua wake.

Acheni mahindi sasa. Nitazameni mimi, mmoja mmoja, kuanzia wewe uliye karibu na mlango: ungekuwa Filotea, ungeziweka katika mkono wa nani? Na ukishaziweka, hao wawili waliobaki ungewaambia nini?