Mtoto Mbishi wa Bi Sikudhani

Bi Sikudhani wa Muheza aliomba kibali cha kulea watoto nyumbani. Siku ya ukaguzi, watoto wa majirani walijaa sebuleni. Mkaguzi, Bwana Lugendo, akaingia na tai yake, macho yote kwa jogoo mnono uani.

“Kibali hupati,” alisema. “Watoto hawa utawalazaje mchana? Labda unipe yule jogoo.”

“Nikimlaza mtoto mbishi kuliko wote Muheza, je?”

“Nitatia sahihi papa hapa. Yuko wapi?”

“Hayuko mbali. Kaa mkekani, baba, unywe uji.”

Akampa uji wa nazi, akamwongezea kikombe kingine. Kisha akaanza kuwaimbia watoto, huku akimpepea mgeni polepole.

“Mbona haji?” Lugendo akauliza, akipiga miayo.

“Subiri kidogo. Egemea mto.”

“Naegemea tu... silali...”

Alizinduka alasiri, kafunikwa kanga, mtoto mmoja akinyonya tai yake.

“Mbishi wako hakuja!” akafoka.

“Alikuja, akanywa uji, akabisha kwamba halali, akakoroma. Tia sahihi upesi, baba. Wazazi wanakuja kuchukua watoto wao, na wewe sijui nikukabidhi kwa nani.”