Kiatu cha Mwenzio

Kulikuwa na zama ambazo mwanamke wa Uwambani alikwenda pwani miguu mitupu, na katika zama hizo bahari haikumchukua hata mmoja. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, yalipokupwa, mwamba ulibaki wazi mpaka kule mawimbi yanakovunjikia. Wanawake waliingia na vijiti vyao vya kuchokolea pweza, kila mmoja akielekea kwenye mashimo yake. Mashimo yalirithiwa kwa mama na hayakuonyeshwa mtu. Ukimwona mwenzio anakuja upande wako, uliinama ukajifanya unaokota kome mpaka apite.

Bahari haikuwachukua, lakini iliwatesa. Kati ya mchanga na mwamba palikuwa na ukanda wa wale viumbe weusi wenye miiba mirefu, na hapakuwa na njia ya kuuzunguka. Miiba iliingia ikakatikia nyayoni. Jioni wanawake walikaa vizingitini wakipakana utomvu wa papai ili miiba itoke, na mwenye miaka thelathini alitembea kama bibi yake.

Hapo ndipo anapoingia Kazija. Alikuwa ameolewa na mtoto wa Bi Zuhura, na hakuna aliyepata kumwona ameketi akatulia. Arusini alikaa karibu na mlango. Akisonga ugali alitoka mara tatu kuangalia uani, na mara tatu hakukuwa na kitu. Watu wa namna hiyo huchosha, lakini mara nyingi wao ndio huona kwamba jambo linaweza kuwa vingine. Kazija aliona kwamba si lazima mguu uumie.

Alianza na viatu vya mti. Vilielea, vikateleza, vikamwangusha mbele ya watu. Akajaribu ngozi ya mbuzi, ikalowa ikawa kama uji, na ilipokauka ikawa kama kigae. Mwishowe akafukua makumbi ya nazi yaliyozikwa topeni kwa miezi mingi, akayapondaponda, akasokota usumba, zile nyuzi zake, na kufuma soli nene yenye kufuata umbo la mguu, na kamba ya kufungia kisiginoni. Kiatu hicho kilishika jiwe lililolowa. Maji yaliingia yakatoka. Miiba ilikatikia ndani ya usumba, na mguu haukupata habari.

Jozi ya pili alimfumia mkwewe, Bi Zuhura, kwa kuwa miguu yake ndiyo iliyokuwa imeharibika kuliko yote. Wanasema Bi Zuhura alipovivaa alizunguka ua mzima akicheka peke yake. Kabla ya mwezi kwisha, kila mwanamke wa Uwambani alikuwa na jozi iliyofumwa kwa kipimo chake.

Bamvua la tatu tangu viatu hivyo, Bi Zuhura hakurudi. Bamvua la nne, mwanamke mwingine naye hakurudi. Mara zote mbili viatu vililetwa ufukoni na maji, vikiwa bado vizima.

Wazee walikutana. Walisema bahari imetukanwa, kwamba watu hawaingii na viatu ndani ya nyumba ya mwenyewe. Siwalaumu, walikuwa wamezika nguo badala ya miili, na mtu mwenye msiba hutafuta sababu iliyo karibu. Wakaamua kwamba bamvua linalokuja ndilo la mwisho, kisha viatu vyote vichomwe na watu warudi kwenye miguu mitupu.

Hakuna aliyemwambia Kazija kwamba ameua. Hata Mwanshamba, binti wa marehemu na wifi yake, hakumwambia. Alimpitishia sahani na kumuuliza kama chumvi imekolea. Kazija angependa zaidi atukanwe. Alianza kuacha chungu kikiungua, alitoka kwenda kisimani na kurudi bila ndoo. Alitaka kujua jambo moja tu kabla viatu havijachomwa: je, kazi ya mikono yake ndiyo iliyomuua mama wa watu? Kila alipofikiri ndiyo, alisimama akatembea. Kila alipofikiri siyo, alitembea vilevile.

Siku ya bamvua lile la mwisho, alikwenda moja kwa moja kwenye mkondo mwembamba uliokata mwamba vipande viwili. Ng'ambo yake, ukingoni kabisa, ndiko Bi Zuhura alikoonekana mara ya mwisho. Kabla hajavuka, kamba ya kiatu chake cha kushoto ilikatwa na jiwe na soli ikachanika. Aliyekuwa karibu ni Mwanshamba, ameketi juu ya mwamba akimtoa pweza matumbo.

"Wifi, niazime kimoja," Kazija akasema.

"Na mimi nivae nini, ganda la kome?"

"Sichelewi."

"Tangu uolewe kwetu sijakusikia ukilisema neno hilo likawa kweli." Lakini alivua cha kushoto akampa. "Kitakubana, mguu wangu mdogo. Nirudishie, Kazija. Pale kwenye miiba sipiti na kiatu kimoja."

Kazija akavuka, maji yakiwa magotini. Huko ng'ambo hakuchokoa pweza. Alikwenda ukingoni akarudi, akainamia shimo hili na lile, akitazama mawe kana kwamba mojawapo lingemweleza. Mguu wa kulia ulitembea kama uko juu ya mkeka. Wa kushoto ulimtesa, vidole vimekunjana, na kila baada ya hatua chache aliukumbuka. Hatimaye alishindwa. Akaketi, akakivua kile kidogo, akautumbukiza mguu mtupu katika dimbwi lililokuwa limeshinda juani.

Maji hayakuwa na joto. Yalikuwa baridi, na yalikuwa yanakwenda. Yalipita kati ya vidole vyake yakitoka upande wa baharini, taratibu kama mtu anayeingia nyumba ya watu wakiwa usingizini. Akautia na mguu wa kulia, wenye kiatu kinachomkaa vizuri. Huo haukusikia kitu.

Akaelewa. Zamani zote zile, nyayo ndizo zilizowarudisha wanawake nyumbani. Macho yalikuwa ndani ya mashimo, lakini mguu mtupu uliisikia baridi ya maji yanayogeuka na ukamwinua mwenyewe kabla hajafikiri. Yeye aliiponya miguu ya watu, na kwa kuiponya akaiziba masikio.

Wanaohadithia husema hapo Kazija, kwa mara ya kwanza maishani, alitulia. Jibu alilolitafuta alikuwa amelipata, na halikumwachia sababu ya kuinuka. Dimbwi lilimfika kwenye kifundo, likapanda, naye ameketi.

Ila mkononi alikuwa na kiatu cha mtu.

Aliinua macho. Wanawake wengine walikuwa wameshafika mchangani, kila mmoja na njia yake. Mwanshamba peke yake alikuwa bado kule ng'ambo ya mkondo, akipunga kaniki yake, mguu mmoja mtupu ndani ya maji. Mdomo ulikuwa wazi, lakini mawimbi yalikuwa yakiila sauti. Alikuwa amesikia baridi kabla ya Kazija, na hakuwa ameondoka.

Kazija akakimbia. Mkondo ulimfika kifuani, kiatu akikishika juu ya kichwa. Mwanshamba aliingia mpaka kiunoni akamnyooshea mkono, akamvuta. Kazija alimrudishia kiatu chake hapohapo, na mguu wake mwenyewe akaufunga kwa kipande cha kaniki, wakauvuka ukanda wa miiba maji yakiwa mapajani, kila mmoja amemshika mwenzake.

Mchangani, Kazija akamweleza yote, hata lile la kuketi. Akasema, "Ni viatu vyangu vilivyomuua mama yako."

Mwanshamba alikamua maji kwenye nguo. "Huenda," akasema. "Na mimi siku ile nilikuwa mashimo mawili tu kutoka kwake, nimempa mgongo asione ninapochokoa. Mama hakuwa na kiatu cha mtu cha kurudisha."

Maneno hayo yalifikishwa kwa wazee. Wakabishana siku mbili, na viatu havikuchomwa.

Na tangu siku hiyo, wanawake wa Uwambani hufika pwani wawili wawili. Huketi mchangani, kila mmoja akavua kiatu cha kushoto akampa mwenzake, akavaa asichopimiwa. Kinapwaya au kinabana, na mguu usiostarehe hausinzii: mwenyewe hukivua kila mara, nao ukayasikia maji. Mashimo siku hizi yanajulikana na watu wawili, kwa sababu huwezi kumpoteza machoni aliyeondoka na kiatu chako. Wageni huona ni uzembe, watu wazima kuvaa viatu visivyolingana. Wenyewe hawawaelezi. Ila mwanamke akikutwa anaelekea mwambani, haulizwi habari za pweza wala za upepo. Huulizwa, "Umevaa cha nani?" Na asiye na jina la kutaja huketi mchangani, hata maji yawe yamekupwa namna gani, mpaka atokee mtu.