Umwitaye Kanaye

Umwitaye kanaye ndiye akubebaye. Ndivyo mjomba wako alivyokujibu asubuhi, Aganze, ulipowafukuza wachimba mchanga waliokaa kwenye ngazi yetu kupumzika. Ukanuna. Sasa umeniletea wenzako, "Bibi Mabega, tuambie, maneno hayo yalitoka wapi?" Haya, kaeni. Chukueni maharagwe hayo mchambue, mimi sisimulii watu wenye mikono mitupu.

Yalianzia hapa hapa mlimani kwetu, enzi za Wabelgiji. Kanaye ni neno la Kifaransa. Wazungu wa shamba la chai waliwaita hivyo wachuma chai, wapiga matofali, yeyote mwenye matope miguuni. Maana yake takataka ya watu. Wazee wetu Kifaransa hawakukijua, lakini dharau haihitaji mkalimani.

Karani wa shamba lile alikuwa mtu wetu, Baltazari Zihalirwa. Alisoma misheni, akavaa koti na viatu vya kung'aa, akajenga nyumba ya madirisha ya vioo. Naye akaliokota neno lile. Msimwone mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu. Baba yake alikuwa mpiga matofali, na aliogopa kwamba akiwakaribia watu, yale matope yatamrudia.

Siku hizo mgonjwa alibebwa kwa kipoyi, machela ya mianzi, watu wanne mabegani. Mwenye mgonjwa alisimama mlangoni akaita, "Mabega eee!" Waliosikia wakaitika, "Tupo!" wakaja mbio. Na kipoyi kikipita mlangoni pako, ulitoka ukatia bega, hata kama ni mpaka kwa jirani tu. Hata mliyegombana naye ulimbeba. Ugomvi ungesubiri.

Basi siku moja ya mvua kikapita kipoyi cha mama yake Mugaruka, mpiga matofali. Mbebaji mmoja alikuwa ameteguka mguu. Mugaruka akabisha hodi kwa karani. "Bega kidogo tu, ndugu yangu, mpaka pale kwenye kona." Baltazari alikuwa amevaa shati jeupe. Akafunga dirisha, na wote wakamsikia akisema, "Kanaye!" Yule mama alifikishwa hospitali, akapona. Lakini neno lile lilimchoma Mugaruka kuliko mvua yote ya siku ile.

Mwaka haukuisha, mke wa Baltazari, Nsimire, akashikwa na uchungu. Ilikuwa mchana, watu wako mashambani. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkunga akatoka chumbani damu mikononi, akamwambia karani, "Hii imenishinda. Mpeleke hospitali kwa masista sasa hivi, la sivyo utawazika wawili."

Baltazari akakimbia kwa Mzungu mwenye shamba. Gari lilikuwa pale uani, linaoshwa. Akaomba kwa Kifaransa chake kizuri, kofia mkononi, machozi yanamtoka. Mzungu hakumtazama hata usoni. Alimgeukia mlinzi. "Niondolee kanaye huyu mlangoni."

Masikini karani! Alirudi mbio, kiatu kimoja kimebaki njiani.

"Nsimire, gari hakuna."

"Ita mabega," mkewe akasema.

"Nani atakuja kwangu mimi?"

"Baltazari, mimi nakufa. Ita!"

Akasimama mlangoni. Maisha yake yote ya ukubwa hakuwahi kuita, na mara ya kwanza neno lilitoka dogo, halikuvuka ua. Akajaribu tena. "Mabega eee!" Mlima mzima ulikuwa na watu, na kila mtu alimsikia. Wachuma chai wakatazamana.

Kwenye tanuri la matofali, Mugaruka alisimama na tofali mkononi, hasogei. Mama yake alikuwa ameketi pembeni anaota jua. "Mama, unamsikia anayeita?"

"Namsikia. Ndiye aliyetuita kanaye. Basi nenda ukambebe, ajue kanaye ni nani. Mimi nilibebwa, mwanangu. Inuka!"

Baltazari akaita mara ya tatu, sasa analia waziwazi kama mtoto. Kutoka tanurini ikaja sauti, "Tupo!" Halafu shamba la chai likaitika, halafu bondeni, "Tupo! Tupo!"

Walipofika na kipoyi, karani akaanza, "Mugaruka, siku ile mimi..."

"Karani, mkeo anavuja damu, nawe unataka kuhutubia? Vua koti. Tia bega."

Akatia. Aliteremka mlima ule pekupeku, anateleza, anainuka, bega linachubuka, na kila mlango waliopita ulitoa mtu. Wengine walitaka kumpokea, akakataa. Walifika Nsimire akiwa bado anapumua. Masista wakampokea, na jua halijazama mtoto akalia.

Wabebaji walikuwa wamekaa nje kwenye majani. Walipokisikia kilio kile, Mugaruka akamtazama karani, matope hadi magotini, bega limetoka ngozi. "Sasa wewe, kwa hali hii tukuite nani?"

"Kanaye," baba akajibu. Wakacheka na kulia pamoja, mpaka sista akatoka kuwanyamazisha.

Ndiyo, baba yangu. Mbona mnanikodolea macho? Mlidhani jina la Mabega nililiokota sokoni? Mama ndiye aliyenipa, palepale kitandani. Na baba, tangu siku ile, kipoyi hakikupita mlangoni kwake bila yeye kutoka. Lile kovu la bega nililishika mwenyewe siku tulipomwosha kumzika.

Aganze, acha maharagwe. Wale wachimba mchanga bado wako kule chini barabarani, na jua ni kali. Wapelekee maji, na uwaambie Bibi Mabega anawakaribisha kwenye ngazi yake. Mimi ni mzee, mwanangu, na mlima ni uleule. Siku yangu ikifika, ni wao watakaonishusha. Umwitaye kanaye ndiye akubebaye.